Mshiko wa Tairi la Pikipiki: Namna ya Kuchagua Tairi la Barabarani

(Matini ya mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba wenye kutumia vyombo vya magurudumu mawili)



Pikipiki imekuwa chombo cha wengi visiwani. Mwalimu huipanda kwenda skuli, muuguzi huipanda kwenda zamu ya usiku, karani humpakia mkewe asubuhi na kumteremsha sokoni kabla ya kuelekea Afisini, na kijana wa bodaboda huitafutia riziki yake na ya wazee wake. Zaidi ya hizo zimeingia pia pikipiki za mbio, zile zenye injini kubwa na usukani ulioinama, ambazo aghalabu huletwa zikiwa zimekwisha kutumika nchi za nje. Mwenye kupanda chombo cha namna yoyote katika hizo hushikana na ardhi kwa sehemu mbili tu za mpira, moja mbele na moja nyuma, na kila moja haizidi ukubwa wa kiganja cha mkono. Mazungumzo haya yanahusu viganja hivyo viwili.

Imeenea dhana, khasa miongoni mwa vijana, kwamba tairi lenye mshiko bora kuliko yote ni lile la mashindano. Na asiyelipata hilo, basi achukue lililo pana kuliko alilonalo. Dhana hii si uzushi mtupu. Ina ukweli nusu ndani yake, na kwa sababu hiyo imewashika hata watu wazima wenye akili zao. Yafaa basi ichambuliwe taratibu, kwa kuanza na namna mpira unavyoshika barabara.

Mpira hushika lami kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunata: uso wa mpira na uso wa lami hukaribiana mno hata vikavutana. Njia ya pili ni kung'ata: lami, hata ikionekana sawa kwa macho, ina vijiwe na vinundu, na mpira unapobanwa na uzito hujipenyeza baina ya vinundu hivyo na kugoma kuondoka. Maji yakiingia kati, njia ya kwanza hudhoofika sana kwa kuwa mpira na lami havigusani tena sawasawa, na mzigo wote huiangukia ile ya pili. Mchanga na vumbi huziharibu njia zote mbili kwa pamoja.

Kutokana na hayo hufahamika pia kazi ya mifereji iliyo baina ya kashata za tairi. Wengi hudhani kuwa kashata nyingi ndizo zinazoleta mshiko. Juu ya lami kavu mambo ni kinyume: kila mfereji ni mpira uliopunguzwa, na tairi la mashindano ya lami kavu halina mfereji hata mmoja. Mifereji imewekwa kwa ajili ya maji, yapate pa kukimbilia mpira uiguse lami. Lakini mtu asije akaliona tairi la mashindano katika televisheni, kisha akalitazama tairi lake lililokwisha kuwa kipara na kujipa moyo kwamba na yeye sasa amepata la mashindano. Lile la mashindano ni mpira mpya, mnene na laini. Hilo lake ni ukoko uliobaki chini ya sufuria.

Tofauti ya mshiko mzuri na mbaya inaweza kupimwa kwa hesabu ya skuli. Chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa juu ya lami kavu na safi, kikifungwa breki vizuri, husimama baada ya takriban mita 18 tangu breki ziliposhika. Mshiko ukipungua kwa nusu, kama unavyoweza kupungua kwa mvua, umbali huo huwa takriban mita 35. Na kabla ya breki kushika, sekunde moja tu ya kushituka na kupeleka mkono na mguu huwa imekwisha kumeza mita 17 nyengine. Mtoto wa skuli anayevuka njia mita 40 mbele ya chombo hicho huokoka katika hesabu ya kwanza, na katika hesabu ya pili haokoki.

Sasa lirejewe tairi la mashindano. Mpira wake umechanganywa ili ufanye kazi ukiwa na moto mkubwa, aghalabu baina ya digrii 80 na 100 za Selsiasi. Ndiyo sababu mafundi wa mashindano huyafunika matairi kwa mablanketi ya umeme mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuanza mbio, na ndiyo sababu pia wanamashindano huendesha kwa hadhari katika mzunguko wa kwanza pindi mablanketi hayo yakikosekana. Mtumishi anayetoka Mwanakwerekwe kwenda Malindi, akisimama kwenye njia panda, akipisha daladala na kumsubiri mwenye gari la ng'ombe, hawezi kulipasha tairi moto wa namna hiyo hata akienda na kurudi mara kumi. Tairi lake litakuwa halijaamka anapofika.

Wapo wanaojibu kwamba jua la Zanzibar linatosha kazi hiyo. Jua ni kali, hilo halibishaniwi, na lami ya saa saba mchana huweza kufika digrii 50 na zaidi. Hata hivyo 50 si 80, na tena lami haibaki hivyo. Mvua ikishuka, maji hulipoza tairi kwa muda mfupi mno, na mpira ulioundwa kwa ajili ya moto hukazana na kuteleza mahali ambapo tairi la kawaida la bei nafuu lingeshika. Aidha, mpira wa mashindano hauvumilii kupashwa na kupozwa mara nyingi. Kila mara hupoteza kidogo cha ulaini wake, hata kama kwa macho bado unaonekana mzima. Kwa hiyo tairi la mashindano lililovuliwa Ulaya au Bara Arabu, likasafirishwa na kuuzwa hapa kwa bei ya kutupa, limeachwa na wenyewe kwa sababu. Baadhi ya matairi hayo yameandikwa ubavuni maneno ya Kiingereza yenye kukataza kutumiwa katika barabara za umma. Maandishi hayo yasomwe kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Upo mfano kutoka kisiwa chengine, kilicho mbali na hapa. Katika Kisiwa cha Man, baharini baina ya Uingereza na Ireland, mbio za pikipiki zijulikanazo kwa jina la TT zilianza mwaka 1907, na hukimbiwa juu ya barabara za kawaida zinazopita vijijini na mlimani, mzunguko mmoja ukiwa ni zaidi ya kilomita 60. Hao ndio mabingwa wa mabingwa, na matairi yao ni ya hali ya juu kuliko yote yauzwayo. Pamoja na hayo, siku hizi lami ya mlimani ikirowa, mbio huakhirishwa na mabingwa hukaa kusubiri ikauke. Mwalimu wa Chwaka hana wa kumwakhirishia. Kengele ya skuli hulia saa yake, kumenyesha ama hakukunyesha, na tairi analolihitaji ni lile litakalomfikisha katika hali ile ambayo bingwa amekataa kutoka.

Huo basi ndio msingi wa kuchagua tairi la barabarani: lichaguliwe kwa kuangalia dakika mbaya kuliko zote katika safari ya mwenye chombo, si dakika nzuri. Mpita njia wa Unguja Ukuu na Paje ana msitu wa Jozani, ambapo kivuli cha miti hukaa na unyevu wakati kwengineko kumekwisha kukauka, majani hulala njiani, na matuta yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka. Mkaazi wa pwani ana mchanga unaopeperushwa juu ya lami. Mkaazi wa Pemba ana vilima na kona baina ya Chake Chake na Wete, na katika msimu wa karafuu ana mikeka iliyotandazwa kando ya njia, makonyo yaliyomwagika na watu wanaochambua wakiwa wamekaa karibu kabisa na ukingo wa barabara. Mtu wa Mjini ana maji ya samaki, mafuta yaliyovuja katika vituo vya daladala, na rangi nyeupe ya kivuko ambayo ikirowa huwa kama sabuni.

Kwa mwenye pikipiki kubwa ya mbio, yako madaraja mawili ya matairi yanayomfaa. La kwanza ni tairi la mbio la barabarani, ambalo ni laini kiasi, lina mifereji ya kutosha, na huanza kushika tangu kilomita za mwanzo. La pili ni lile la mbio na safari, ambalo lina mifereji mingi zaidi, mpira wake hudumu zaidi, na aghalabu limechanganywa kwa namna ya kushika vyema katika baridi na maji. Matengenezo ya miaka ya karibuni yamelifanya daraja hili la pili kuwa na mshiko mkubwa kuliko matairi ya mbio ya zamani. Mengi kati yake yametiwa mpira mgumu katikati, panapoliwa sana, na mpira laini mabegani, panapogusa chombo kinapolala katika kona. Kwa visiwa vyenye Masika na Vuli, daraja la pili ndilo lenye kustahili kupendekezwa kwa takriban kila mtu. Asiyelitaka kwa sababu halina sura ya mashindano, basi ajue kwamba anachonunua ni sura.

Ama kuhusu upana, hapa pana kosa linalofanywa na wenye pikipiki kubwa na ndogo sawasawa. Hudhaniwa kuwa tairi pana hugusa barabara kwa eneo kubwa zaidi. Ukweli ni kwamba eneo linalogusa hutegemea zaidi uzito uliobebwa na upepo uliomo ndani. Kama gurudumu la nyuma linabeba kilo 125 na upepo ni kiasi cha kilo tatu kwa kila sentimita ya mraba, eneo linaloguswa ni sentimita za mraba arubaini na kitu, tairi liwe pana au jembamba. Kinachobadilika ni umbo la eneo hilo. Zaidi ya hayo, tairi pana likivishwa ringi nyembamba hubanwa mbavuni, mgongo wake huinuka kama jahazi lililopinduliwa, na chombo hupoteza tabia yake kinapoingia kona. Pikipiki ya mbio yenye ringi ya nyuma ya inchi 5.5 imepimwa kwa tairi la milimita 180. Mwenye kuivisha 190 ili ionekane nene nyuma amejipunguzia badala ya kujiongezea. Katika pikipiki ndogo, tairi lililozidi kipimo huweza hata kusugua mnyororo au mkono wa gurudumu.

Kipimo sahihi kimeandikwa ubavuni mwa tairi na katika kitabu cha chombo, na si vigumu kukisoma. Katika maandishi 120/70 ZR17 58W, ambayo ni ya tairi la mbele la pikipiki nyingi za mbio, 120 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, R ni alama ya kuwa nyuzi zake zimepangwa kwa namna ya rediali, na 17 ni ringi kwa inchi. Nambari 58 ni alama ya mzigo na maana yake ni kilo 236. Herufi W ni alama ya mwendo na maana yake ni kilomita 270 kwa saa. Mwendo huo hauna mahali pake katika visiwa hivi, lakini herufi hiyo hueleza pia ubora wa muundo wa tairi, kwa hiyo isishushwe chini ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa chombo.

Katika tairi dogo lililoandikwa 3.00-17 50P, upana ni inchi tatu, P ni kilomita 150 kwa saa, na 50 ni kilo 190. Kilo 190 hizo ndizo za kutazamwa. Mtu akipakia mshikaki, yaani watu watatu kwa pamoja, na juu yake gunia la viazi, mzigo unaoliangukia gurudumu la nyuma huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Tairi halitapasuka siku hiyo hiyo, na kwa kuwa halipasuki watu huzoea. Nyuzi za ndani huchoka kidogo kidogo pasipo kuonekana.

Sasa imefika zamu ya umri, jambo ambalo wanunuzi wachache huliuliza na wauzaji wachache hulitaja. Kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina nambari nne ndani ya duara refu ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nambari tatu tu ni la karne iliyopita, na halifai hata likiwa halijawahi kugusa lami. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka mitano, na lisitumike kabisa likishafika kumi. Hesabu hiyo ni ya jumla kwa dunia nzima. Chombo kinachoanikwa juani kutwa nje ya Afisi, karibu na bahari, huzeeka upesi zaidi: mpira hukauka, ukagumu, na nyufa ndogo ndogo huanza kujitokeza ndani ya mifereji. Mwenye shaka akibonyeze kwa ukucha kile kipande cha mpira kilicho baina ya mifereji. Kikikataa kabisa kama ubao, mshiko umekwisha kuondoka hata kama kashata zimejaa.

Pikipiki iliyoagizwa kutoka nje huja mara nyingi na matairi yenye kashata nzuri na umri mkubwa, kwa kuwa ilikaa bandani miaka. Mnunuzi huona amepata faida. Bei ya matairi mawili mapya haina budi kuingizwa katika hesabu ya ununuzi tangu mwanzo, na nambari hizo nne ziwe hoja katika kupatana bei.

Yako pia matairi makuukuu yaliyopakwa rangi nyeusi yakarudishiwa sura ya upya. Na iko desturi ya vijana, khasa zinapokaribia Siku Kuu, ya kuyang'arisha matairi kwa maji maji ya kung'arishia au kwa mafuta. Katika gari jambo hilo ni la mapambo, maana ubavu wa tairi la gari haugusi chini. Pikipiki huilalia kona kwa bega la tairi, na bega hilo likiwa limepakwa mafuta, kona ya kwanza ya Skukuu ndiyo itakayotoa jibu. Maji na sabuni vinatosha.

Jambo lenye kuhitaji kusisitizwa kuliko yote yaliyotangulia ni tairi la mbele. Desturi iliyozoeleka ni hii: tairi la nyuma huliwa upesi kwa sababu ndilo linalosukuma na kubeba abiria, basi hubadilishwa kila likiisha, la mbele haliliwi sana, basi huachwa. Chombo hufikia hali ya kuwa na tairi la nyuma la tatu au la nne hali la mbele ni lile lile lililokuja nacho kutoka dukani. Ikumbukwe kwamba breki zikifungwa kwa nguvu, uzito wote wa chombo huinama mbele, na sehemu kubwa ya kazi ya kusimama hufanywa na gurudumu la mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mpandaji mwenye bahati na uzoefu huweza kulirejesha. La mbele likiteleza, chombo huanguka kabla ya mtu kufahamu kilichotokea. Hivyo lile tairi ambalo maisha yanalitegemea zaidi ndilo linaloachwa likazeeka, kwa kuwa uzee wake hauonekani kwa kuliwa.

Yafaa matairi yote mawili yabadilishwe kwa pamoja, yawe ya aina moja. Inafahamika kwamba mshahara hauruhusu hivyo kila mara. Mwenye uwezo wa tairi moja tu mwaka huu, na matairi yake yote mawili yamechoka, aanze na la mbele, hata mafundi wakimcheka. Kuchanganya rediali na tairi la nyuzi za mshazari katika chombo kimoja kuepukwe, isipokuwa mtengenezaji wa chombo ameruhusu kwa maandishi. Na tairi kuukuu la mbele lisihamishiwe nyuma wala la nyuma mbele, kwa kuwa kila moja limeundwa kwa kazi yake.

Kuhusu kiasi cha kuliwa, matairi mengi yana vinundu vidogo ndani ya mifereji, na mahali pake pameoneshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa alama ya pembetatu. Kashata zikiwa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Sheria za nchi mbalimbali zinatofautiana: Uingereza huweka kikomo cha milimita 1 katika robo tatu ya upana wa tairi la pikipiki, na Ujerumani huweka milimita 1.6. Kwa visiwa vyenye mvua kubwa kama hivi, busara ni kulibadilisha likibaki na milimita 2, na bora zaidi kabla ya mwezi wa Machi, Masika hayajaingia. Njiti ya kibiriti iliyotiwa alama kwa kalamu kufuata rula ya mtoto wa skuli hutosha kuwa kipimo. Kipimo kichukuliwe katikati na kwenye mabega pia, kwani barabara nyingi za Unguja zimenyooka, na tairi huliwa katikati likawa bapa. Chombo chenye tairi bapa huenda vyema katika njia iliyonyooka, kisha kikifika kona hukataa kulala, na kinapokubali hujitupa ghafla kwa mkupuo mmoja.

Upepo. Hapa maneno yanaweza kuwa machache kwa kuwa dawa ni rahisi, ingawa wanaoitumia si wengi. Tairi lolote zuri likikosa upepo sahihi huwa baya. Likipungukiwa, mifereji hujibana na kufumba badala ya kupitisha maji, mbavu hupata moto, na chombo huyumba. Likizidishiwa, eneo linalogusa hupungua na chombo hurukaruka juu ya mashimo. Kubonyeza kwa kidole gumba si kipimo. Kipimo cha mkononi kina bei ndogo, na wafanyakazi wa Afisi moja wanaweza kuchanga na kununua kimoja. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na kiasi kifuate kibandiko kilichobandikwa kwenye chombo chenyewe, ambacho mara nyingi hutaja pia kiasi cha ziada akiwepo abiria wa nyuma. Kwa pikipiki nyingi kubwa za mbio kiasi hicho ni pauni 36 mbele na 42 nyuma kwa inchi ya mraba. Wapo wanaopunguza hadi 30 baada ya kusikia kwamba wanamashindano hufanya hivyo. Wanamashindano hupunguza kwa kuwa tairi lao litapata moto mkubwa na upepo utapanda wenyewe. Wa barabarani atabaki na upungufu wake mpaka anafika.

Matairi ya pikipiki kubwa ya mbio hayana tyubu, na pancha ya katikati huweza kuzibwa kwa kuvuliwa tairi na kuzibwa kwa ndani. Pancha ya ubavuni au ya begani haizibwi kwa namna yoyote. Atakayekubali kuziba hapo asipewe kazi hiyo.

Hata mwenye tairi zuri hana budi kuifahamu mvua ya mwanzo baada ya kiangazi. Vumbi, mafuta na ukoko wa mpira vilivyokusanyika kwa miezi huchanganyika na matone ya mwanzo na kufanya utando wenye kuteleza kuliko mvua kubwa yenyewe, ambayo baadaye huosha njia. Dakika za mwanzo za mvua hiyo zina hatari kubwa, na kusubiri kidogo chini ya baraza ni sehemu ya uendeshaji. Lami iliyotumika miaka mingi, ikawa kokoto zake zimesuguliwa na kung'aa, huwa na hali hiyo hiyo kila inaporowa, kwa kuwa vinundu vilivyokuwa vinang'atwa na mpira havipo tena. Wakaazi huzijua kona za namna hiyo katika njia zao, na mgeni aliyekodi chombo hazijui; mwenye kukodisha anapaswa kumweleza, na kumkabidhi matairi ambayo yeye mwenyewe angempakilia mwanawe.

Mwisho ni uvishaji. Fundi auangalie mshale uliochorwa ubavuni, unaoonesha upande wa kuzungukia, kwani mifereji iliyogeuzwa huyavuta maji ndani badala ya kuyatoa. Katika pikipiki ndogo yenye tyubu, tairi jipya liwekewe tyubu mpya na utepe wa kufunika njiti za ringi ukaguliwe kama haujakatika. Tairi jipya hutoka kiwandani na uso laini unaong'aa ambao haujaanza kung'ata lami. Kilomita 150 za mwanzo ziendeshwe pole pole, bila kulaza sana chombo katika kona, bila kukaza mafuta kwa ghafla, na bila abiria nyuma kwa siku mbili tatu ikiwezekana. Baada ya hapo upepo upimwe tena, na nati za ekseli zikaguliwe na fundi yule yule aliyezifunga.